Jumamosi tunatengeneza parol, nyota ya Krismasi ya Ufilipino

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Parol ni taa ya nyota ambayo Wafilipino huitundika madirishani na makanisani, hasa wakati wa Simbang Gabi, yaani misa 9 za alfajiri kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba.

Kila mmoja aje na fito 10 za mianzi iliyokauka, sm 50 kila moja, na vijiti 5 vya sm 10. Mwanzi mbichi ukikauka husinyaa, vifundo vinalegea na nyota inapinda. Fito 5 zinatoa nyota moja. Tunaunda mbili, tunazilaza moja juu ya nyingine na kuzifunga kwenye ncha zote 5. Hapo ndipo vijiti vifupi vinaingizwa katikati, fito zinapokatana, ili nyota itune. Vipimeni vizuri tafadhali: kimoja kikizidi, upande huo unavutika na karatasi ya kufunikia nyota inachanika.

Gundi ipakwe kwenye fito, kwa sababu karatasi nyembamba ikilowa hutoboka. Mishumaa hapana kabisa, ndani tunaweka taa ndogo ya betri. Msisahau mikia miwili ya karatasi kwenye ncha za chini. Ndiyo uzuri wenyewe wa parol.