Barua kutoka Ngamiani kwenda Maskati

Ngamiani, Tanga
Jumapili, mwezi wa Mei

Mpendwa sahibu yangu Baba Kauthar,

Assalaam alaykum warahmatullah. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta ukiwa buheri wa afya na kwamba joto la huko bado halijapamba moto. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako anakusalimu sana, watoto wanauliza Ami atakuja lini, na masika bado yanatunyeshea kiasi kwamba sare za shule tunazikausha kwa pasi, jambo ambalo kwa fundi cherehani si tatizo kubwa ila kwa luku ni msiba.

Nimefurahi mno kusikia kwamba viza ya shemeji na watoto imetoka, na kwamba Mungu akipenda watafika huko mwezi wa Juni. Nimefurahi zaidi kwamba umeniuliza swali ambalo sisi wanaume hatuna desturi ya kuulizana, yaani mtu akaeje kutwa nzima na mtoto wa miaka 6 na mwingine wa miaka 4, ndani ya nyumba ya ghorofani, wakati joto la nje limepita nyuzi 40, ilhali mpaka sasa umekuwa baba yao kwa njia ya simu na likizo ya mwaka. Umesema kwamba unafikiria kununua televisheni kubwa na sanduku zima la vitu vya kuchezea. Televisheni nunua, lakini uinunue kwa ajili ya mpira. Kuhusu watoto, mimi nina ushauri mmoja tu, na yote nitakayoandika hapa chini yanatokana nao: usijisumbue kuwatafutia shughuli, bali wape fungu lao katika shughuli zako.

Unajua jinsi nyumba yetu inavyokwenda. Mama watoto ni muuguzi na zamu zake hubadilika, wiki hii usiku, wiki ijayo asubuhi. Mimi cherehani yangu iko barazani, kwa hiyo ninayekuwapo nyumbani mchana ni mimi. Cherehani na watoto wadogo ni vitu visivyopatana kabisa. Kuna mkasi, kuna pasi ya moto, na kuna pini ambazo hata ukiwa mwangalifu namna gani lazima chache zianguke. Fundi mwingine angefunga mlango akawaacha watoto walie upande wa pili. Mimi nilichofanya ni kutoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, nikaifunga kamba, nikamkabidhi yule wa kati ambaye sasa ana miaka 5.

Kila jioni kabla ya Maghrib utamwona ameinama, anaiburuta sumaku ile polepole kuanzia mlangoni, anapita chini ya meza, anaingia pembeni ambako mkono wangu haufiki, halafu anaiinua na kuitazama kwa makini kama daktari anayesoma picha ya eksirei. Pini zilizonasa anazihesabu kwa sauti, kisha ananiletea nizichomeke kwenye kimto chake. Dada yake aliwahi kuishika kamba ile mara moja tu, na majirani wote walijua kwamba kuna jambo. Mgeni akijitolea kusaidia, huombwa kwa adabu akae kitini. Nadhani kinachompa fahari hiyo ni kwamba kazi yenyewe ni ya kweli: asipoifanya, kesho mtu atachomwa, na pengine ni yeye mwenyewe, maana hapendi viatu. Mtoto anaijua kazi aliyobuniwa ili anyamaze, na ataiacha baada ya dakika tano aje kukuvuta shati.

Binti mkubwa, ambaye ametimiza miaka 8, yeye ni karani wa vifungo. Anavitenga vya matundu mawili na vya matundu manne, anavipanga kwa rangi, na mteja akileta kazi ya mashati ananiambia ni vingapi vinatakiwa. Shati la mikono mirefu ninaloshona mimi lina vifungo 7 mbele na kimoja kwa kila mkono. Mashati 5, basi, ni vifungo 45, na jibu hilo analitoa kabla sijaipata kalamu yangu sikioni. Kitinda mimba ana miaka 2 na hana kazi yoyote, ingawa mwenyewe haamini hivyo. Amepewa boksi la mabaki ya vitambaa, analijaza, analimwaga, analijaza tena, na ukimwita kula anakujibu kwamba ana kazi.

Sasa wewe huna cherehani, na najua utasema kwamba huwezi kwenda nao kazini. Lakini jikoni unaingia, kwa sababu miaka yote hii ya kuishi peke yako imekufundisha kupika, na siku zako za mapumziko ndizo zitakazokuwa za watoto. Huku kwetu kazi ya kwanza ya mtoto jikoni ni kuchambua mchele. Wanakaa wawili na sinia moja, wanatafuta mawe na chuya, wakibishana nani amepata jiwe kubwa zaidi. Huko nadhani mchele wenu unakuja kwenye mfuko ukiwa hauna hata jiwe moja, na hiyo ni hasara kwa mlezi. Tafuta mbadala: wabandue maganda ya vitunguu saumu, wachambue mchicha, waoshe choroko hadi maji yawe meupe. Nazi ukizipata, mtoto usimsogeze kwenye mbuzi ya kukunia, kwani meno ya mbuzi hayana huruma na vidole vidogo. Kuna wewe kwa hilo. Fungu lao ni kukamua. Waachie chicha mikononi juu ya chujio, walione tui zito likishuka, waliweke pembeni, kisha watie maji tena wakamue la pili la kuchemshia maharage. Binti yangu alipokuwa na umri wa huyo wako mkubwa aliniuliza kwa nini la pili ni jepesi, nami nikamwambia alionje, akalionja, na mazungumzo hayo yalitufikisha hadi wali ulipoiva.

Sitakuficha kwamba chakula kitachelewa. Ukipika peke yako utamaliza kwa saa moja. Ukipika nao utatumia saa mbili na utadeki baadaye. Ila hebu jiulize, hiyo saa moja uliyoiokoa ungeifanyia nini na watoto wawili ghorofani? Si ungerudi kutafuta namna ya kuwashughulisha?

Ngoja nikuchekeshe kidogo. Hapa mtaani wapo wanaoniona nikimwogesha mtoto uani au nikimsuka binti yangu mabutu, nao wamekwisha kutoa hukumu kwamba nimekaliwa. Na bibi mmoja, ambaye kwa heshima simtaji, anashikilia kwamba nimelishwa limbwata. Nawe unajua Tanga ikishasema limbwata hakuna wa kukutetea. Mimi nimewajibu kwamba kama limbwata ndilo linalomfanya mtu ajue mwanawe hapendi maji yakimwingia sikioni, basi niongezewe. Huko ugenini angalau utaepukana na mabaraza ya aina hiyo, ingawa kwa jinsi ninavyosikia Kiswahili kinavyozungumzwa katika nyumba nyingi za Maskati zenye asili ya Unguja, sina hakika kwamba limbwata halijafika.

Suala la kutoka nje litategemea jua. Sisi siku za Jumapili tunakwenda ufukweni Raskazone, na siku bora kwetu ni zile za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, kwa sababu maji hupwa mbali katikati ya asubuhi na watoto wanaweza kutembea juu ya mchanga uliokuwa bahari saa chache zilizopita, wakifukuza kaa na kuokota makombe. Wavae viatu, hiyo ndiyo sharti langu pekee. Huko nawe una bahari, na pwani ya Muttrah umeisifu mwenyewe mara nyingi. Watoke nawe baada ya sala ya Alfajiri jua likiwa bado halijakasirika, au usiku baada ya Isha. Mchana uwe wa ndani.

Na kwa huo mchana, wafundishe mdako. Najua utasema kwamba sakafu ya marumaru haichimbiki shimo. Chora duara kwa chaki, uweke kokoto ndani yake, nawe utakuwa umepata shimo lako. Mchezo wenyewe hujausahau, maana ulikuwa unatufunga sote pale nyuma ya msikiti: unarusha kokoto moja juu, kabla haijatua unazitoa nyingine nje ya duara kwa kiganja, unaidaka, unairusha tena na kuzirudisha zote isipokuwa moja. Mtoto wa miaka 4 hataweza kudaka. Mwache arushe na kuokota tu, atafurahi vilevile. Wa miaka 6 ataanza kwa kukosa kila kitu, na kabla likizo haijaisha atakuwa anakuibia kokoto.

Usiku, umeme ukikatika na hata usipokatika, sisi tunategeana vitendawili. Wanaanza na vilevile tulivyoanza navyo sisi, kuku wangu katagia miibani, nyumba yangu haina mlango, ingawa majibu wanayajua hata wakiwa usingizini, kisha binti mkubwa anatega vya kwake alivyovitunga mchana na ambavyo mara nyingi jibu lake ni kifungo. Tukishindwa anadai mji. Yule wa kati hana mji mwingine wa kutoa isipokuwa wenu; kila akishindwa anasema, “Nakupa Maskati,” na dada yake anaupokea, anasema amekwenda Maskati, amelakiwa na Ami, amekula tende na halua mpaka ameshindwa kusimama, ndipo anapotoa jibu. Mji wenu umekwisha kugawiwa hapa mara nyingi bila idhini ya Sultani. Nakuomba nawe usiwaachie wanao waupoteze mchezo huu, kwa maana Kiarabu watakipata shuleni na Kiingereza hakina shida ya kupatikana, ila Kiswahili chenye “tega” na “nipe mji” kitatoka kwenu wawili tu.

Simu siikatazi, na nisingependa unione mtakatifu. Ninapokata suti ya mtu, kitambaa cha bei kubwa na mkasi ukiwa mkononi, watoto wote watatu wanakaa ndani wakitazama katuni, wala moyo haunisuti. Kitambaa kikishakatwa hakirudi.

La kliniki ni fupi: mwambie shemeji abebe kadi za watoto kwenye mkoba wa mkononi, zisipakiwe kwenye sanduku. Huyo wa miaka 4 bado yumo katika wale wanaopewa matone ya vitamini A, ambayo hapa hutolewa Juni na Desemba kwa watoto wa kuanzia miezi 6 mpaka 59, kwa hiyo kama tarehe ya safari inaruhusu ayapate kabla ya kuondoka.

Lililobaki ndilo nililokuwa nikilisogeza mbele tangu mwanzo wa barua, kwa sababu naogopa litakuuma. Huyo mdogo anakujua kama sauti na sura iliyo ndani ya kioo cha simu. Siku watakapotoka uwanja wa ndege inawezekana kabisa kwamba ataingia nyuma ya gauni la mama yake na kukataa kukutazama, na mbele ya rafiki zako waliokusindikiza kwa gari. Wengi katika hali hiyo humvuta mtoto kwa nguvu, wakamsukumia pipi, wakasema “huyu ni baba yako, mpe mkono,” na mtoto akazidi kulia. Wewe msalimie, umwache. Mkifika nyumbani, kaa chini sakafuni, chukua chungwa na kisu, ulimenye taratibu kwa namna ile uliyoizoea, ganda likishuka refu bila kukatika. Usimwite. Atakuja kutazama ganda. Mpe alishike ncha moja, ulikate chungwa na kuzitoa kokwa zote, kisha mpe chungwa la pili alikamue kwenye kikombe. Inaweza kuchukua siku kadhaa kabla hajakuita baba, na katika siku hizo shemeji atachoka kwa sababu mtoto hatambandukia; mpunguzie kazi nyingine zote na usinune. Mama watoto wangu, ambaye huwaona watoto wa kila aina wodini, ameisoma sehemu hii na kuniambia nisiifute.

Sasa na mimi nina haja yangu. Nimenunua kitenge cha kutosha gauni la Kauthar na shati la ndugu yake, nami nataka shemeji aondoke nazo. Vipimo vyao ninavyo vya mwaka jana na havifai tena. Wapigie simu usiku huu, uwaambie wapimane wenyewe kwa futi ya bibi yao, bibi akisimamia: upana wa mabega, kifua, urefu wa mkono, na urefu kutoka begani hadi gotini kwa binti na hadi kiunoni kwa mvulana. Wakuandikie kwa mkono wao, nawe unitumie kama walivyoandika bila kusahihisha. Mimi nitaacha upindo mpana chini.

Wasalaam,
Sahibu yako,
Baba Mwanaidi