Malalamiko: kulanti iliyoganda baada ya huduma yenu ya majira ya baridi

Winnipeg, Manitoba
3 Februari

Kwa Meneja,
Gereji na Duka la Magari Yaliyotumika

Ndugu Meneja,

YAH: KULANTI ILIYOGANDA NDANI YA INJINI

Mwezi wa Oktoba niliwaletea gari langu mliandae kwa ajili ya baridi. Ankara yenu, ambayo nakala yake naiambatisha, imeandikwa "kusafisha rejeta, kulanti mpya". Wiki ya pili ya Januari kulanti hiyo, yaani kimiminika cha kupoza injini, iliganda, ikapasua rejeta na kung'oa vizibo viwili vya chuma ubavuni mwa injini. Nilipowapigia simu kijana wenu wa mapokezi alinijibu kwamba hiyo ni mipango ya Mungu, baridi imezidi. Jibu hilo silipokei. Mungu hakushika mpira wa maji gerejini kwenu.

Usiku huo nilikuwa zamu. Gari lilikaa nje, kwenye maegesho ya kazini ambayo hayana soketi za kuchomeka hita ya injini (ya umeme, ya kuipasha injini joto ikiwa imezimwa), na baridi ikashuka hadi nyuzi 31 chini ya sifuri. Asubuhi liliwaka bila shida. Sikufika mbali: mkanda ukaanza kulia, hita ya ndani ya gari ikapuliza hewa baridi kama ya nje, na mshale wa joto ukapanda hadi kwenye nyekundu. Kijana wenu aliona hapo amenikamata, akaniuliza injini itachemkaje kama maji yake yameganda. Inachemka kwa sababu hiyohiyo. Pampu haisukumi barafu, kwa hiyo joto la kwenye silinda linabaki palepale, halifiki kwenye rejeta. Fundi wa gereji anapaswa kulijua hili kabla ya mteja.

Nilizima injini, nikaita gari la kuvuta, likalipeleka kwenye gereji ya jirani na kazini. Humo ndani mna joto, barafu ikayeyuka, na kulanti ikatiririka sakafuni kutoka pande tatu. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na chuma hakina pa kukimbilia.

Fundi wa huko alichukua tone la ile iliyobaki, akalichungulia kwenye kipimo chake, kisha akaniita na mimi nichungulie. Kipimo kilisoma kuganda kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri, yaani glaikoli, ile dawa ya kuzuia kuganda, kama robo tu na maji robo tatu. Nusu kwa nusu, ambayo ndiyo kawaida ya hapa, huhimili hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Kwa hiyo baridi ya usiku ule haikuzidi kitu. Kulanti iliyochanganywa sawasawa ingeipita na akiba ikabaki.

Maelezo yake kuhusu ilikotoka hitilafu ni haya, nami nayaona yana mantiki. Mlisafisha mfumo kwa maji, mkafungulia rejeta chini, mkadhani yametoka yote. Hayatoki yote. Mengi hubaki kwenye mapito ya ndani ya injini na kwenye rejeta ndogo ya hita. Juu ya maji hayo mkamimina kulanti ya dukani ambayo tayari imechanganywa nusu kwa nusu, na hapo ikazimuliwa upya. Ilitakiwa muanze na glaikoli isiyochanganywa ili ikutane na maji yaliyobaki, kisha mpime. Kupima ndiko hakukufanyika. Ankara yenu ina kisanduku cha kiwango cha kuganda, na kisanduku hicho ni kitupu.

Mmeniambia pia kwamba mliiona ni ya kijani. Rangi ni rangi tu. Hata ikizimuliwa bado itaonekana ya kijani.

Hoja yenu kwamba ningechomeka hita ya injini nayo haisimami. Hita ile inasaidia oili isigande na injini iwake kwa urahisi. Haikuwekwa ili kuficha kulanti mbovu. Isitoshe, nyumbani gari hulala kwenye maegesho ya ndani yenye joto, na nadhani ndiyo sababu tatizo halikujitokeza mapema zaidi.

Lakini dalili ilikuwapo, na mliambiwa. Mwezi wa Desemba niliwapigia nikasema hita ya ndani ya gari inapoapoa nikiwa barabarani. Mkanijibu ni hewa imeingia kwenye mfumo, itatoka yenyewe. Tone moja kwenye kipimo siku ile lingeokoa kila kitu. Hili linaniuma kuliko rejeta yenyewe.

Kisha ikaja suluhu yenu ya wiki iliyopita: nilirudishe gari, mnijazie glaikoli kavu bila tone la maji "ili isigande kabisa". Ndugu Meneja, glaikoli tupu huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri. Maji ndiyo yanayoshusha kiwango chake cha kuganda, na glaikoli nayo inashusha cha maji. Mngenirudisha palepale nilipotoka. Tafadhali msimfanyie mtu mwingine hivyo.

Na watu wengine ndio wanaonitia wasiwasi. Mnajitangaza kwa Kiswahili, na waliowafuata ni wageni kutoka Kongo, Burundi na kwetu Tanzania, wengi wakiwa na gari la kwanza maishani na baridi ya kwanza. Kwetu Dar es Salaam rejeta ikipungua unaongeza maji ya chupa na safari inaendelea. Mtu huyo akija kwenu, nyinyi ndio mnaotakiwa kujua kwamba hapa mambo ni tofauti. Ndicho anachowalipia.

Ninachodai ni hiki. Mrudishe dola 1,870 nilizolipa kwa rejeta, vizibo, pampu ya maji na kuvutwa kwa gari, pamoja na malipo yote ya huduma ya Oktoba. Risiti zote zimeambatishwa. Injini ilipimwa kwa shinikizo na haikuonyesha ufa, lakini nataka mniandikie kwamba ikianza kula kulanti kabla ya majira haya kuisha, gharama ni yenu. Na muwaite wateja wote mliowasafishia rejeta tangu Septemba, mpime kulanti zao bila malipo. Machi bado ina usiku wa kugandisha.

Nasubiri jibu la maandishi kufikia tarehe 21 Februari. Lisipofika, nitapeleka malalamiko haya kwenye Ofisi ya Kulinda Watumiaji ya Manitoba, na baada ya hapo mahakama ya madai madogo. Fundi ameihifadhi ile kulanti kwenye chupa yenye lebo na tarehe. Mkitaka kuipima wenyewe, karibuni, ila itapimwa mbele yake na mbele yangu.

Wenu,
Mteja wa huduma ya Oktoba

Viambatisho: ankara yenu, risiti za matengenezo na za kuvuta gari, picha za kipimo na za rejeta iliyopasuka.