Barua ya wazi kwa Mheshimiwa uliyetuahidi viwanja vya juu

Shikamoo Mheshimiwa. Jina lako silitaji, unajijua na sisi watu wa mwambao wa Kigoma tunakujua, ulisimama juu ya kifusi cha nyumba ya jirani yetu iliyobomolewa na maji ya ziwa umevaa gambuti mpya kabisa ukasema viwanja vya kule juu vya kutuhamishia vinapimwa, tuwe na subira. Subira tumekuwa nayo mpaka Ziwa Tanganyika lenyewe limechoka limeanza kurudi nyuma.

Na hilo ndio limenifanya niandike. Juzi nimepita kule chini nikakuta vijana wanavuta kamba, vigingi vimechomekwa mchangani, dalali anataja bei. Palepale! Palepale ambapo 2024 maji yaliingia mpaka chumbani kwa mama akang'oa milango yake mwenyewe ili angalau mbao zipone, mpaka leo anaishi kwa mdogo wake kule Mwanga, hapahapa Kigoma mjini, na ile milango imeegemezwa ukutani inasubiri kiwanja chako. Mnunuzi mmoja nikaongea nae, katoka Kasulu, hajui chochote, kaona mchanga mkavu na upepo mzuri basi.

Mimi nilibahatika kwenda Japani kwa programu ya kubadilishana vijana, nikakaa na familia mkoa wa Iwate, kule ambako tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilileta tsunami. Silinganishi misiba, kule waliokufa na wasioonekana mpaka leo ni zaidi ya watu 18,000. Ila wao walipewa dakika, sisi ziwa lilipanda taratibu miezi na miezi, kila mtu analiona na wewe ulikuja ukaliona.

Mji wa Rikuzentakata wamekata mlima, wakasomba udongo kwa mikanda ya mashine wakainua ardhi ya katikati ya mji, na baharini wamejenga ukuta wa mita 12.5. Sio kila kitu nilikipenda. Baba mwenyeji wangu alikuwa analalamika ukuta umemficha bahari, na hivyo viwanja vilivyoinuliwa vingi nilikuta vina majani tu, kazi ilichukua miaka watu wakachoka wakahamia kwingine. (Unaona, hata kwa wenye hela kuchelewa kunafukuza watu.) Kwahiyo sikuombi ukuta Mheshimiwa, najua utasema bajeti.

Kilichonigusa mimi ni mabango. Unaendesha barabara ya pwani unakuta bango linakwambia eneo lililofikiwa na tsunami linaanzia hapa, mbele kidogo lingine, linaishia hapa. Kituo cha mafuta wameweka alama juuuu kwenye bango lao, mita 15.1, unainua shingo. Na kijiji cha Aneyoshi kuna jiwe waliweka wazee baada ya tsunami ya 1933, limeandikwa msijenge chini ya hapa, wakatii, 2011 maji yakaishia chini ya jiwe na nyumba zikapona.

Sasa sisi kwetu kuna nini? Ziwa hili kupanda na kushuka sio habari mpya, wazee wanakumbuka lilivyojaa miaka ya 60 mwanzoni, na nenda Ujiji pale kwenye mnara wa Livingstone uone ufuko ulivyo mbali siku hizi. Wengine wanasema ni Lukuga kule Kongo, ndio mto pekee unaotoa maji ziwani na umeziba, wengine wanasema mvua za El Nino, mimi naona na udongo wa milima tuliyokata miti umo, nyie wenye wataalamu mtatuambia. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema usijenge ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, sawa, lakini ukingo upi? Wa leo au wa 2024? Sehemu tambarare ziwa linakula hizo mita 60 bila hata kupumua, na dalali anapimia kutoka maji yalipo leo asubuhi.

Viwanja tunavitaka bado, usije ukasema tumesamehe. Ila kabla havijaja naomba kitu kimoja tu: nguzo. Nguzo ya zege kila mtaa wa mwambao, yenye mstari na mwaka, maji yalifika hapa. Wiki hii, kabla yule bwana wa Kasulu hajashusha matofali. Mstari tunaujua wenyewe, kuta zilizobaki bado zina alama ya tope, mvua mbili tatu zitaifuta. Kama tatizo ni rangi nitanunua mimi, wewe tuma tu mtu aje na ruhusa yenye muhuri.

Mimi mkazi wa mwambao, Kigoma