Kama ni huruma, tuanze na kuku

Mhariri,

Hii stori ya kuacha nyama nyekundu imeshika sana hapa Kisumu, kila mtu ukikaa naye hotelini anakwambia ameachana na ng'ombe sasa ni kuku tu, na siku hizi wengine wanaongeza eti ni kwa sababu wanaonea wanyama huruma. Kama ni afya sawa, sibishani na daktari wa mtu. Lakini hiyo ya huruma hapana, hesabu inakataa. Ng'ombe mmoja anatoa kilo 100 na kitu za nyama, broila akishanyonyolewa na kutolewa matumbo ni kilo 1 na nusu hivi, kwa hivyo ukimwacha ng'ombe mmoja umeitisha kuku zaidi ya 60. Na ng'ombe wetu wengi angalau wamekula nyasi nje kwa jua, je kuku wako?

Broila anachinjwa akiwa na wiki 5 ama 6, ananenepa haraka mpaka wengine miguu inashindwa kubeba kifua, unampata amekaa tu kwa maranda hapo karibu na chakula. Yule wa mayai aliye kwa keji naye anapewa nafasi isiyofika karatasi ya A4, kukunjua bawa hawezi. Ulaya hizo keji tupu, zisizo na kiota wala kijiti cha kulalia, zilipigwa marufuku 2012, huku kwetu zinatangazwa eti ndio ufugaji wa kisasa! Akichoka kutaga anauzwa bei ya kutupa na kuna hoteli anapikwa akiitwa kienyeji, wenyewe wanajijua.

Mimi nasema kama lazima ule kuku basi kula kienyeji wa ukweli, hata kama ni mara moja moja kwa sababu bei iko juu. Huyo amechakura, ameoga vumbi, amekimbizana na wenzake miezi 5 au zaidi. Shida yake inaanza siku ya soko. Simama barabara ya Kakamega asubuhi boda zikishuka kuelekea soko la Kibuye uone kuku wamefungwa miguu na kuning'inizwa kwa handeli vichwa chini, midomo wazi, mmoja bawa linagongwa na spoku na mwenye boda hata haangalii. Kuku hana kile kiwambo tulicho nacho sisi kati ya tumbo na mapafu, ukimgeuza hivyo matumbo yanalalia mapafu, ndiyo maana anahema vile. Halafu watu wanasema amezoea.

Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura 360, inakataza kubeba mnyama kwa njia ya kumtesa bure, sijaona mtu akisimamishwa kwa hiyo, boda inasimamishwa kwa helmeti tu. Wateja ndio wako na nguvu hapa. Mwambie anayekuletea kuku kwamba aliyekuja kichwa chini humchukui, kreti za plastiki ziko mjini na boda inabeba moja nyuma bila shida, hiyo pesa kidogo ya kreti akiongeza kwa bei mimi nitalipa.

Msomaji wenu,
Kondele, Kisumu