Katana ya kukatia ianze kukaguliwa mpini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme na vijana wa vilabu vya karate vya Moshi na Arusha, pamoja na wazazi wanaowatolea hela. Anayetafuta katana, yaani upanga wa Kijapani, ya bei nafuu kwa mazoezi ya kukata asihangaike kwanza na makali. Aangalie mpini, maana hatari iko huko.

Panga nyingi za bei ya kutupa ni mapambo ya ukutani. Bapa lake ni stenlesi inayong'aa, na ndani ya mpini hamna msuka wa maana, bali kifimbo chembamba cha chuma kilichochomelewa kwenye bapa na kukazwa kwa nati. Stenlesi ya urefu ule haivumilii mshtuko, na pale palipochomelewa ndipo hukatika kwanza. Pakikatika, sentimita 70 za chuma huruka mbele, na wewe unabaki umeshika mpini.

Msuka halisi ni bapa lenyewe lililoendelea ndani ya mpini, pana, lenye urefu wa theluthi mbili ya mpini au zaidi. Unashikiliwa na kijiti cha mwanzi kiitwacho mekugi. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akitoe kijiti hicho na kuuvua mpini mbele yako, au akutumie picha ya msuka ukiwa mtupu. Akikataa, mwachie mali yake. Mpini ukisharudishwa, utikise upanga: ukisikia kitu kinagonga, mbao haikukaa. Kijiti kikaguliwe kila kabla ya mazoezi. Kikibonyea au kupata ufa, chonga kingine cha mwanzi mkavu. Msumari usiweke, utapanua tundu la mbao.

Kwa chuma, anayeanza atafute aina yenye namba 1060 au 9260. Ya kwanza ina kaboni kama asilimia 0.6. Ya pili ni chuma cha springi chenye silikoni karibu asilimia 2. Ukikosea pembe ya kukata, hupinda kidogo kisha hurudi. Chuma cha namba 1095 hukaa na makali muda mrefu zaidi lakini hakisamehi kosa. Ule mstari wa mawimbi kando ya makali, ukiwa wa kweli, una maana makali ni magumu na mgongo ni laini, kwa hiyo bapa likipinda hubaki limepinda. Kwenye panga za bei ya chini mara nyingi umechorwa tu kwa asidi. Na muuzaji akikusifia chuma kilichokunjwa mara nyingi, ujue unalipia urembo.

Urefu wa bapa wa sentimita 70 hadi 72 unamfaa mtu wa sentimita 170, na uzito usizidi sana kilo 1.2. Panga za namna hii, nyingi zikitoka Longquan nchini China, huanzia dola 150 hadi 300 kabla ya usafiri na ushuru. Wapo wanaofikiria kumpa kazi fundi anayefua sime kwa springi ya gari. Chuma hicho ni kizuri, ila moto wa kufulia sime haulipashi bapa la sentimita 70 joto sawasawa, na utapata upanga mgumu hapa, laini pale.

Sasa cha kukata. Uchaggani kila mtu hukimbilia mgomba uliokwisha kutoa mkungu, kwa kuwa ungekatwa tu ukalishwe ng'ombe. Unafaa, lakini anza na mgomba mchanga, wa unene wa mkono. Mgomba mnene hulibana bapa katikati, na mkono ukigeuka hata kidogo upanga unapinda. Utomvu wake nao hulitia chuma weusi ndani ya muda mfupi. Chupa ya plastiki ya maji ya lita moja na nusu, iliyojazwa, ni mwalimu mzuri zaidi: ukiipiga ikaruka badala ya kukatika, makali hayakufuata njia ya mkono. Mkeka wa ukindu, ukikunjwa na kulowekwa usiku kucha, unakaribia mikeka ya tatami wanayokata Wajapani. Usitumie mkeka uliokaliwa uani, mchanga wake utakumegea makali. Kigingi cha kuusimamishia kiwe cha mti, bila msumari, na asisimame mtu mbele yako wala ubavuni.

Ukimaliza, pangusa bapa kwa kitambaa cha maji, likaushe kabisa, kisha paka mafuta ya cherehani kwa utando mwembamba. Mafuta ya kula huganda na kunata. Upanga wenye unyevu usirudi kwenye ala. Mbao hushika maji na kutu huanzia humo.

Anayeagiza kutoka nje aende forodha na polisi kuuliza masharti ya kuingiza na kumiliki upanga kabla hajatuma hela, si baada ya mzigo kufika.

Mkufunzi wa sanaa za mapigano,
Moshi