Kurasa 340, alamisho hakuna

Mhariri,

Wiki iliyopita nililetewa faili la PDF lenye kurasa 340, na ujumbe wa mstari mmoja: "Tunaomba upitie sura ya sita." Ukurasa wa yaliyomo ulisema sura hiyo inaanza ukurasa wa 187. Nikaandika 187 kwenye kisanduku cha namba, nikajikuta katikati ya jedwali la sura ya tano. Kumbe dibaji, shukrani na orodha ya vifupisho vilipewa namba za Kirumi, i hadi xviii, lakini programu ilizihesabu kurasa hizo sawa na nyingine. Ukurasa wa 187 kwa mwandishi ulikuwa wa 205 kwa kompyuta.

Kujumlisha 18 si hesabu ngumu, ila niliifanya mchana kutwa. Sura ya sita ilinirudisha ya pili, ya pili ikanituma kwenye kiambatisho cha nne. Nikibofya yaliyomo, kimya. Hayakuwa na viungo. Nikafungua kidirisha cha alamisho pembeni: kitupu.

Kwa asiyezijua, alamisho ninazozisema si zile za kivinjari za kuhifadhi tovuti. Ni orodha ya sura na vifungu inayokaa kando ya ukurasa muda wote unaosoma. Unabofya kichwa, umefika; ukitaka kwingine, orodha iko palepale. Yaliyomo ya mbele, hata yakiwa na viungo, hukulazimu kwanza urudi mbele.

Kilichoniudhi hasa ni kugundua kwamba kazi ilikuwa imeshafanyika. Niliomba faili la Word, nikakuta vichwa vyote vimewekewa mitindo ya vichwa, ngazi kwa ngazi, safi kabisa. Kosa lilikuwa la dakika ya mwisho: mtu alichagua kuchapa kwenda PDF badala ya kuhifadhi kama PDF. Ukichapa, kinachobaki ni mwonekano wa ukurasa tu, na kichwa cha habari kinakuwa maandishi makubwa basi. Angehifadhi, akafungua chaguo na kuweka tiki kwenye kuunda alamisho kutokana na vichwa, orodha nzima ingejitengeneza. Programu ya LibreOffice nayo ina chaguo la namna hiyo, na wanaoandika kwa LaTeX, mfumo wa kupanga maandishi kwa amri, hutengenezewa na kifurushi cha ziada kiitwacho hyperref.

Wapo wanaokuza herufi na kuzikoleza wakidhani wameandika kichwa. Hao programu haina la kuwasaidia, kwa kuwa haioni tofauti ya kichwa na aya iliyopiga kelele. Nyaraka zilizoskaniwa ni shida nyingine: ni picha tupu, na mara nyingi alamisho zake huwekwa kwa mkono moja baada ya nyingine. Katika Acrobat, programu ya kuhariri PDF, unabonyeza Ctrl na B, unaandika jina, unaendelea. Inachosha, sikatai, lakini anachoka mmoja badala ya kila atakayelifungua faili.

Na hapo nazungumzia sisi tunaoona. Anayesomewa skrini kwa sauti hawezi kupitisha jicho juujuu akitafuta herufi nene. Mbinu zinazoambatana na WCAG, miongozo ya ufikivu, yaani ya kuwawezesha wenye ulemavu kutumia maandishi ya kidijitali, zimezitaja alamisho za PDF waziwazi, na kikaguzi cha ufikivu cha Acrobat hulalamika faili likifika kurasa 21 bila kuwa nazo. Ripoti yangu ilikipita kiwango hicho mara kumi na sita.

Nawe Mhariri, usicheke. Toleo lenu la PDF halina alamisho hata moja. Ukurasa wa barua huwa nautafuta kwa kupekua, na hii yangu, mkiitoa, nitaitafuta hivyohivyo.

Msomaji wenu, mtafsiri wa ripoti