Klorini si dawa ya uvundo

Mhariri,

Makala yenu kuhusu maji ya mto yanayonuka iliwashauri wasomaji waongeze klorini mpaka harufu iishe. Nimefanya kazi kwenye mtambo wa kusafisha maji hadi nikastaafu, na ushauri huo umenifanya nishike kalamu.

Klorini huua vijidudu, na kazi hiyo inaiweza. Uvundo ni kesi nyingine. Mto unaomwagiwa maji machafu ya viwandani unaweza kuwa na kemikali iitwayo fenoli. Fenoli ikikutana na klorini huzaa klorofenoli, yenye ladha ya dawa ya vidonda, na ulimi huinasa hata ikiwa chembe tu. Tukiwa zamu tuliyaona haya: kadiri dozi ilivyopanda ndivyo malalamiko yalivyozidi, na fundi mgeni akaongeza tena!

Ile harufu ya udongo mara nyingi ni jiosmini, inayotengenezwa na bakteria, wakiwemo wale wanaofanana na mwani. Pua huitambua ikiwa takriban nanogramu 10 tu kwa lita (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu). Klorini haiifanyi kitu. Tena ikiwapasua bakteria hao, jiosmini iliyokuwa ndani yao humwagika majini.

Kinachoiondoa ni kaboni amilifu: mkaa uliopitishwa kwenye mvuke wa joto kali ukajaa vitundu, hata gramu moja ikawa na uso wa mamia ya mita za mraba. Harufu hunasa humo. (Mkaa wa jikoni haufikii hapo, hata ukitwangwa vipi.) Unga wake hutiwa mapema, ukaachwa ufanye kazi kabla klorini haijaingia, kwa sababu viwili hivyo vikikutana vinamalizana. Shabu hukusanya tope pamoja na unga huo, mchanga huchuja, klorini huja mwisho.

Mwenye chujio la mkaa nyumbani alibadilishe kwa wakati, maana vitundu hujaa. Na achemshe maji hata kama hayanuki tena. Mkaa hauui vijidudu. Maji yakinuka petroli au dawa ya kuulia wadudu, asihangaike nayo, atafute mengine.

Naomba mchapishe sahihisho, na liwe ukurasa uleule wa makala, si kule nyuma kwenye matangazo madogo.

Fundi mstaafu wa maji